Walimu wa Siku Moja

Jumatatu, 21 Julai 2025

Miaka hamsini na mmoja tangu niondoke huku kisiwani, na asubuhi hii nimekaa nikisubiri maji kama nilivyokuwa nikisubiri utotoni. Kengele haijagongwa. Kijito kimekauka, watoto wa ng'ambo hawawezi kuvuka tope. Maji yakijaa mitumbwi itakuja, kengele italia, masomo yataanza. Kesho yatachelewa zaidi. Ratiba iliyobandikwa ofisini inasema saa mbili asubuhi, mwaka mzima. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Hakuna anayeitazama.

Nimefika wiki iliyopita. Dada yangu Bi Somoe ananiita tangu mke wangu alipofariki. Nyumba yako ya Tabora ina nani sasa, kaka? Rudi kwenu. Sikumwahidi kitu. Nyumba tuliyozaliwa haipo, mto ulihamia pale ilipokuwa. Yeye anaishi kwenye nyumba ya marehemu mumewe pamoja na mjukuu wake, Rukia. Rukia ndiye mwalimu wa darasa la kwanza na la pili.

Niandike sawasawa. Chuo kamaliza, stashahada anayo, chaki anayo. Ajira hana. Anajitolea, mwaka wa tano huu. Wazazi humpa mpunga baada ya mavuno, na samaki siku wakipatikana. Shule ina madarasa saba na waajiriwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Mbilinyi, mwalimu mkuu, mtu wa Njombe anayevaa soksi ndefu kwa ajili ya mbu. Wa pili ni Mwalimu Saidi, kijana mpole ambaye ameomba uhamisho tangu mwaka juzi.

Mimi nilikuwa mkufunzi wa walimu hadi nilipostaafu. Leo nimesimama dirishani nikamsikiliza Rukia akifundisha silabi. Hakuna pa kumsahihisha. Nimeona fahari. Halafu nimeona hasira.

Alhamisi, 24 Julai

Kuna habari. Jumatano ijayo anakuja afisa wa elimu kufanya uhakiki wa ikama, yaani kulinganisha walimu ambao shule inastahili kuwa nao na walimu waliopo. Mwalimu Mbilinyi kaja kunieleza barazani, na zile soksi zake ndefu. Shule zenye pengo kubwa ndizo zitakazoombewa walimu wapya. Wanaojitolea hapo hapo watafikiriwa kwanza. Ndivyo alivyoambiwa, na ameambiwa mara mbili na watu wawili tofauti, kwa hiyo anaamini.

Rukia alifaulu usaili. Jina lake limewekwa kwenye kanzidata pamoja na ya wengine wengi, yanasubiri nafasi. Kwa hiyo jambo lenyewe ni jepesi mno: pengo lionekane, nafasi ije, jina lake lichomolewe. Pengo tunalo. Hata kipofu angelisikia, maana darasa la nne na la sita hukaa asubuhi nzima bila mtu na kelele zinafika msikitini.

Rukia kafurahi hadi kaanza kunitania. "Mume wangu, nikipata mshahara nakuacha. Natafuta kijana mwenye meno." Nikamwambia talaka sitoi. Bi Somoe kacheka, halafu kaingia ndani kuswali. Anaogopa kufurahi mapema.

Nimelala mchana, usingizi haukuja. Nimekumbuka nilivyoondoka. Tulimaliza mitihani, tukapangiwa vituo kabla hata ya kufunga masanduku. Nani kakwambia uombe? Hukuomba. Serikali ilikuwa inajua idadi ya walimu inaowataka kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyoamua ni wangapi waingie chuoni. Ilinitoa Rufiji ikanipeleka Tabora, na mwalimu mwenzangu Mnyamwezi ikamtoa Tabora ikamleta pwani. Ilikuwa ni amri, tuliinung'unikia. Lakini hakuna aliyekaa nyumbani na cheti.

Baadaye ikaja haraka ya kutaka kila mtoto awe darasani, tukapika walimu kwa miezi kama maandazi. Baada ya hapo vyuo vikafunguliwa kila kona. Halafu mlango wa ajira ukabanwa. Mwalimu huandaliwa kwa miaka. Bajeti hupangwa kwa mwaka. Viwili hivi havijawahi kukaa meza moja tangu nianze kuvitazama. Watu huniuliza kama nchi ina upungufu wa walimu au ina ziada. Ina vyote viwili, tena katika kijiji kimoja, tena katika nyumba moja. Natoka chumbani naviona: mwalimu anaosha vyombo, ng'ambo ya uwanja darasa halina mwalimu.

Jumamosi, 26 Julai

Kijiji kizima kinafagia. Wanawake wamekandika upya ukuta wa ofisi ya shule. Familia zilizokuwa mashambani kuvuna, zikilala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, zimeambiwa ziwarudishe watoto kwa ajili ya mgeni. Mwenyekiti wa kijiji, Mpili, anapita nyumba kwa nyumba akiamrisha kuku na madafu. Tulikua pamoja, mimi naye. Siku hizi ananiita Mnyamwezi.

Nimemwambia asipambe sana. Kacheka. "Mgeni tumlaze kwenye tope?" Sikulitilia maanani.

Binamu yangu wa Mohoro anasomewa khitma Jumanne. Nitakwenda. Nitarudi Alhamisi na maji ya asubuhi.

Jumanne, 29 Julai. Mohoro

Khitma imekwisha salama. Wazee waliobaki tumehesabiana kwa macho. Maduka ya zamani ya kando ya mto yamefungwa, moja limeanguka paa. Hapa ndipo baba aliponinunulia viatu vya kwanza.

Jioni nilitaka kwenda kuwaona wakwe wa marehemu, nikaenda kwenye kijiwe cha bodaboda. Mmoja kaita: "Mwalimu, mpakie mzee!" Nikageuka, nikidhani ananiita mimi. Wakacheka wote. Kumbe pale kila mtu ni Mwalimu. Karibu wote wamesomea ualimu. Anayekataa abiria mlevi wanamwambia anafukuza mwanafunzi. Anayepoteza njia wanamwambia arudie darasa.

Aliyenipakia kanihoji njia nzima. Eti mzee, enzi zenu mlipangiwa kazi bila kuomba? Nikasema ndiyo. Bila usaili? Bila usaili. Kabadilisha gia, kasema, "Mzee, hizo ni za sungura na fisi." Hakuniamini. Kijana mzuri. Nimemuuliza alifundishwaje kuanza kipindi cha hesabu, akanijibu barabara huku akikwepa mashimo.

Nimerudi nimechoka, wala si kwa safari.

Alhamisi, 31 Julai

Sijui nianzie wapi. Nina hasira hadi kalamu inachana karatasi.

Nimeshuka chomboni, watu bandarini wanacheka. Mpili kanishika mkono kwa mikono miwili. "Mnyamwezi, umekosa sherehe! Jana tumepasi!"

Wamepasi. Ndiyo, wamepasi.

Mpili aliona aibu. Aibu ndiyo chanzo, wala si ujanja, na ndiyo maana inaniudhi zaidi. Mgeni wa serikali aje, akute madarasa hayana watu mbele? Akaseme mjini kwamba watu wa kisiwani wameacha watoto kama mbuzi? Kwa hiyo siku ya Jumatano kila darasa liliwekwa mtu. Darasa la tatu, ustadhi wa madrasa. La tano, Mzee Kuchombeka mwenye duka. La nne, mkwewe Mpili, ambaye aliwahi kufika kidato cha pili. Mashati yamepigwa pasi. Kila mmoja na chaki. Ustadhi aliwasomesha watoto jedwali la mara sita kwa mahadhi ya chuoni kwake, wanasema lilipendeza sana. Mzee Kuchombeka aliandika tarehe ubaoni, akawaambia watoto wainakili, na wakaendelea kuinakili hadi afisa alipopita. Mtoto mmoja akamuuliza mbele ya mgeni kama sukari imeshafika dukani.

Afisa akauliza hawa wote ni walimu? Mpili akajibu, "Wote wetu, mama. Wanajitolea."

Akaandika. Waajiriwa wawili, wanaojitolea wanne, Rukia akiwa mmoja wao. Karibu kila darasa lina mtu. Pengo dogo. Mwalimu mkuu akatia saini.

Nilimfuata Mbilinyi ofisini moja kwa moja. Kainamisha kichwa. Alikwenda bandarini kumpokea mgeni, anasema, na aliporudi akakuta kila darasa lina mtu mbele, na wazee wamekaa chini ya dirisha wanamtabasamia. "Ningesema nini, Mzee? Niwaumbue wazee wa watu mbele ya mgeni?" Mtu wa Njombe! Tumemharibu. Kajifunza adabu ya pwani kuliko sisi.

Na bado sijaandika lililoniumiza. Rukia alijua. Usiku wa kuamkia siku ile alimwandikia ustadhi andalio la somo. Alimfundisha Mzee Kuchombeka namna ya kusimama bila kuwapa watoto mgongo. Kazi ya mkufunzi. Kajifungia mlango kwa mikono yake, tena kwa ustadi.

Ijumaa, 1 Agosti

Baada ya swala nilimkamata Mpili uwanjani. Sikumung'unya maneno. Nilimwambia kwamba afisa alikuja kutafuta shimo ili alete udongo, naye akatandika mkeka juu ya shimo.

Alirekebisha kofia yake kichwani. Kisha: "Wewe umekaa bara mno. Umesahau mgeni anavyopokewa."

"Mgeni alikuja kuona njaa, Mpili!"

"Na wewe ukija kwangu nikuonyeshe njaa? Ungekaa?"

Watu wamesikia. Wengine wamekubaliana naye. Nimeondoka bila kuaga. Mzee wa umri wangu, naondoka kwa kupiga hatua kubwa kama mtoto aliyenyimwa mpira.



Jumatatu, 4 Agosti

Rukia hasemi nami. Yaani anasema shikamoo, analeta chai, hanitanii. Bi Somoe kanieleza: mtoto anaona nimewadhalilisha wazee mbele za watu kwa ajili yake, na sasa kila mtu anajua kwamba anaitaka ajira. Kwani kuitaka ni siri? Siielewi aibu hii tena. Zamani niliielewa.

Jioni ndipo aliponijia barazani. Kakaa chini mkekani. "Babu, ningewakatalia vipi? Ustadhi ndiye aliyenifundisha alifu. Mzee Kuchombeka alinikopesha daftari nikiwa chuo, hajaniuliza hadi leo. Wamekuja na chaki mkononi, wanaogopa kama watoto. Wananiambia, tusaidie tusiaibike."

Nikamuuliza kama alijua itahesabiwaje.

"Nilijua wanne ni wengi kuliko mmoja," kasema. "Nilidhani watafurahi kwamba kijiji kinajali."

Hilo ndilo kosa. Nimelirudia kichwani jioni nzima. Hapa ukitaka kusaidiwa unaonyesha kwamba na wewe unajitahidi. Mwenye bidii ndiye anayeongezewa. Kule serikalini ukionekana unajitahidi, msaada unapelekwa kwa mwingine. Watu wangu wamejibu swali vizuri. Ni swali la mtihani mwingine.

Nitakwenda Kibiti kuonana na afisa. Mbilinyi hawezi. Mpili hataki. Mimi sina cheo cha kupoteza.

Alhamisi, 7 Agosti. Kibiti

Chombo hadi Mohoro, basi hadi hapa. Magoti yananiuma. Nimepata chumba karibu na stendi, kelele nyingi, shuka safi.

Afisa ni mwanamke kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Alisimama akaniamkia shikamoo, akanitafutia kiti kwenye ofisi nyingine kwa sababu cha kwake kimevunjika mguu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilieleza yote: ustadhi, duka, mkwe wa Mwenyekiti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, nilijua," kasema.

Nikauliza alijuaje.

"Sukari."

Tulicheka wote wawili. Kisha hasira ikanirudia. Kama ulijua, kwa nini uliandika?

Alinijibu bila kuzungusha. Kila shule aliyokwenda ilikuwa inalia. Madarasa hayana walimu, vyoo havina milango, wakuu wa shule wanamshika mkono hawamwachii. Nafasi zitakazokuja hazitawatosha hata wanaolia. "Shule moja tu ilicheka, baba. Nikashukuru. Nikasema hawa wanaweza kusubiri."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Njia ya kusahihisha ipo. Mwalimu mkuu aandike kwamba taarifa aliyoitia saini haikuwa ya kweli. Afisa ataipokea, atabadilisha, na Rukia atapendekezwa. Lakini barua ya namna hiyo haiishii mezani kwake. Itakwenda kwa wanaoshughulikia nidhamu ya walimu, na hawezi kuizuia njiani. Huenda Mbilinyi akaonywa tu. Huenda akavuliwa ukuu, akahamishwa. Huenda ikawa zaidi. Kesho ni Nane Nane, ofisi zimefungwa. Orodha ya shule zinazoombewa walimu inaondoka Jumatatu jioni.

Nilitaka kumchukia afisa huyu. Nimeshindwa. Hilo nalo linaudhi. Safari yote hii ningependa mwisho wake nimkute mtu mbaya.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekutana kwa Bi Somoe baada ya adhuhuri: mimi, Mbilinyi, Mpili, Rukia. Nimewaeleza kama nilivyoelezwa.

Mpili alikuwa ameshika kofia yake, anaizungusha. Kasema yeye ndiye aandike, kosa ni lake, achukuliwe yeye. Nikamwambia saini si yake. Akaizungusha kofia tena. Kwa mara ya kwanza nimeuona uzee wake.

Mbilinyi kasema ataandika. Kasema kwa sauti ya chini, akiangalia soksi zake. Ana watoto watatu wanaosoma Njombe. Amekaa kisiwani miaka saba, hajaomba kuhamishwa hata mara moja. Sijawahi kukutana na mwalimu wa bara aliyekaa huku miaka saba kwa hiari yake. Kachukua kalamu mfukoni. Ningempa karatasi. Nilitaka aandike. Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma: nilitaka aandike, na nikaona aibu kwa kutaka.

Rukia alikuwa mlangoni. "Mwalimu, usiandike."

Bibi yake akamwita kwa jina, kumwonya.

"Bibi, niache niseme. Akiandika, wanaweza kumwondoa. Mwalimu Saidi naye ameshaomba. Mimi nitaajiriwa nifundishe na nani? Nipate mshahara, shule ibaki na mimi peke yangu, na watoto wote wale?" Halafu akamgeukia Mbilinyi, sauti imeanza kukatika. "Rudisha kalamu mfukoni, Mwalimu. Kesho maji yanajaa mapema, kengele usichelewe."

Mpili alifuta macho kwa kofia.

Nilifundisha walimu watarajiwa maisha yangu yote. Niliwapa alama kwa maandalio yao, kwa zana, kwa sauti, kwa matumizi ya ubao. Hakuna mahali pa kuweka alama ya kitu alichofanya huyu mtoto leo. Na nchi haina mahali pa kumweka yeye.

Jumatano, 13 Agosti

Orodha imeondoka Jumatatu. Sina la kuandika. Mvua ya manyunyu. Rukia kafundisha darasa la kwanza hadi la tatu kwa pamoja, maana ustadhi amerudi madrasa na Mzee Kuchombeka amerudi dukani. Walikuwa walimu siku moja. Wanaamkiwa "Mwalimu" hadi leo, nao wanaitika.

Jumatano, 27 Agosti

Majina yametoka. Mtandao huku unapatikana karibu na mnara tu, kwa hiyo Rukia alikwenda na simu yake akasimama juani. Kisha nikamwona anakuja mbio uwanjani, khanga mkononi.

Kapata. Nafasi imepatikana kwenye mgao wa jumla, wala haikutokana na orodha yetu. Mkoa wa Katavi. Kijiji chenyewe hatujui hata pa kukitafuta kwenye ramani.

Bi Somoe kapiga vigelegele. Majirani wamejaa. Rukia analia na kucheka. Mimi pia nimefurahi, nimefurahi kweli, mtoto kasubiri miaka mitano. Nimemkumbatia.

Ndipo Mbilinyi alipoleta habari ya pili. Kuna mwalimu mmoja mpya kapangiwa Mahege, huku huku wilayani kwetu. Kijana kutoka Bukoba. Hajawahi kuiona pwani. Kapiga simu kwa mkuu wa shule kuuliza kama kuna mamba.

Nimekaa nikafikiria. Wa hapa anapelekwa magharibi, wa magharibi analetwa hapa. Watapishana barabarani, pengine watakula chakula kwenye hoteli moja Morogoro, mabasi yao yamesimama bega kwa bega. Kwenye takwimu ni mafanikio mawili. Sipingi kuchanganya watu. Mimi mwenyewe nilichanganywa, nikaoa, nikazaa, nikapata nchi. Lakini wakati ule kila aliyeondoka aliachiwa mbadala. Sasa wanapeleka tu.

Darasa la kwanza na la pili hayana mtu kuanzia wiki ijayo. Kwenye karatasi yana watu.

Jumamosi, 30 Agosti

Asiporipoti kwa wakati nafasi inakwenda kwa mwingine. Anafunga mizigo. Bi Somoe naye anafunga.

Nilidhani anamsaidia. Kumbe anafunga yake. "Simwachi mtoto peke yake kwenye nchi ya watu," kasema. Nikamwambia ana miaka sabini na sita, anajua huko kuna baridi? Kajibu kwamba blanketi zinauzwa. Nyumba itafungwa, ufunguo atapewa Mpili. Vyungu kagawa. Kuku kagawa. Mimi ndiye niliyeitwa nirudi kwetu, na kwetu ndiko kunakohama.

Jioni Mpili alikuja na ombi. Tumepatana, hatukusema kwamba tumepatana. Alileta dafu, tukanywa. "Mnyamwezi, kaa basi wewe. Mwalimu huyu hapa, darasa lile pale. Tutakupa nyumba ya dada yako. Mpunga hutakosa."

Moyo uliruka. Siwezi kukana. Darasa, sauti za silabi, maji yakija kunipangia siku. Nilitaka kusema ndiyo.

Nimekataa. Magoti, nilimwambia, na magoti ni kweli. Lakini sababu yenyewe nimeiweka hapa. Nikikaa nitahesabiwa. Mwakani akija afisa mwingine ataandika kwamba shule ina mzee anayejitolea, na pengo litakuwa dogo tena kwa mtu mmoja, na binti mwingine mwenye stashahada ataosha vyombo mwaka mwingine. Mpili angenisimamisha mstari wa mbele, na shati langu angelipiga pasi mwenyewe.

Labda nimekosea. Watoto watakaokosa silabi mwaka huu hawataijua hoja yangu. Lakini nimechoka kuwa sababu ya serikali kutokuja.

Jumatatu, 15 Septemba. Tabora

Rukia na bibi yake walipitia kwangu, wamekaa siku mbili. Nyumba ilikuwa na sauti. Bi Somoe alikagua jiko langu akalilaani, akalifanyia usafi, akapika wali wa nazi kwa nazi alizobeba kutoka nyumbani. Rukia aliniomba vitabu vya kufundishia kusoma. Nimempa vyote, vingine vina maandishi yangu pembeni. Hakunitania hadi walipokuwa mlangoni. "Mume wangu, usioe tena, nitarudi kukagua."

Basi la Mpanda liliondoka asubuhi. Bi Somoe alikaa dirishani, mkono nje. Kasema huko pia kuna mto, kaulizia.

Mbilinyi alipiga simu adhuhuri. Uhamisho wa Saidi umekubaliwa. Yeye yupo. Alikuwa anapumua kwa nguvu, alikuwa akitoka darasa hili kuingia lile. Nilimuuliza maji yalijaa saa ngapi leo. Akaniambia.

Nimefagia uani. Nimekaa.

Kisiwani sitarudi tena.